Usisaini Kitu Mwezi Wako wa Kwanza: Mambo ya Laini ya Simu kwa Mwanafunzi Mgeni Uingereza

Kila ifikapo Agosti, kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Glasgow, Uskochi, huanza kupokea wanaotarajia kuja. Viza zimetoka, tiketi zimekatwa, na kabla hata ya kuulizia makoti, swali ni lile lile: "Jamani, nikifika ninunue laini gani?" Majibu huja kwa fujo, kila mmoja anautetea mtandao wake kama anavyoitetea Simba au Yanga. Nimeamua kuyaandika mara moja yale yaliyonikuta mimi na wenzangu wa nyumba moja, gharama zake zikiwemo, ili mwakani nimtumie mtu maandishi badala ya kubishana usiku kucha.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anayekuja kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja asihangaike sana na idadi ya GB. Aulize mambo mawili: nikitaka kutoka natokaje, na namba yangu nitahama nayo? Hayo mengine yanarekebishika ndani ya siku thelathini.

Ila kabla ya Uingereza kuna laini ya nyumbani, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Tangu Januari 2020 kila laini Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Maana yake ni kwamba ukiipoteza ukiwa ughaibuni, hakuna wa kwenda kukurudishia. Mama hawezi, kaka hawezi, vidole ni vyako na viko Uskochi. Wakati huo huo ile laini ndiyo inayopokea ujumbe wa benki yako, ndiyo M-Pesa yako, ndiyo namba uliyoandika kwenye kila fomu tangu kidato cha sita.

Kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya safari, piga *106# uone laini imesajiliwa kwa jina la nani. Usicheke. Jamaa mmoja tuliyesafiri naye alikuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu yake tangu wako chuo, na siku ilipoanza kusumbua binamu mwenyewe hapatikani. Kisha nenda dukani kwa mtandao wako, waambie wakuwezeshe romingi, yaani laini ifanye kazi ukiwa nje ya nchi, na uulize kwa mdomo: nikipokea SMS nikiwa Uingereza nakatwa? Kwa kawaida hukatwi. Nikipokea simu nakatwa? Unakatwa, na sana. Mjomba wangu alinipigia kwenye namba ya Tanzania kunipongeza kwa kufika salama, akaanza na habari za mvua, akaingia kwenye za mahindi, na pongezi zake zikamaliza salio lote nililokuwa nimeliacha kwa ajili ya dharura. Tangu hapo kila mtu nyumbani anajua: namba ya zamani ni ya benki tu.

Data ya romingi izime kwenye simu kabla ndege haijapaa. Na usiiache laini ikae miezi bila kufanya chochote, maana laini isiyotumika inaweza kufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Mimi naiwekea vocha kidogo kila baada ya muda, natuma SMS moja kwa dada yangu, basi. Hajibu siku hizi, anajua ni laini inapumua.

Safari yenyewe ilikuwa Dar, Dubai, Glasgow. Uwanjani wanauza laini, na bei zake ni za watalii. Wi-Fi ya uwanja ni bure, inatosha kumwambia mama umefika na kupakua ramani ya mji. Basi namba 500 linakupeleka hadi kituo cha Buchanan katikati ya mji, na barabara nzima hakuna atakayekuuliza namba yako ya simu. Dada mmoja wa Kitanzania anayesoma shahada ya uzamivu alikuja kutupokea pale kituoni. Tukiwa bado tunaburuta mabegi akaniambia jambo ambalo ningependa kila mgeni aambiwe:

"Mdogo wangu, mwezi huu wa kwanza usisaini kitu chochote cha simu. Chochote. Hata wakikwambia ofa inaisha leo."

"Sawa dada. Sasa nitapigaje?"

"Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka supamaketi. Laini zimetundikwa karibu na kaunta ya kulipia, pembeni ya betri na chokoleti. Nikatoa pasipoti mfukoni kwa mazoea, nikidhani zamu ya vidole inafuata. Kijana wa kaunta akaitazama pasipoti, akanitazama mimi, akaipitisha laini kwenye mashine kama anavyopitisha nyanya. Hakuniuliza hata jina. Uingereza laini ya kulipia kabla haihitaji usajili wa kitambulisho, na kwa mtu aliyetoka kwenye foleni za NIDA hilo linachukua muda kuingia kichwani. Baadaye nilijua hata ile pesa ndogo ya supamaketi haikuwa lazima: kampuni nyingi zinakutumia laini bure kwa posta hadi hosteli, na wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya wanazigawa chuoni kama vipeperushi. Kama una uhakika na anwani yako, agiza mapema uikute mezani.

Kilichonishinda siku hiyo ni kuongeza salio. Kadi yangu ya benki ya Tanzania iligoma mtandaoni, kwa sababu ukurasa wa malipo ulitaka anwani ya mwenye kadi na msimbo wa posta wa Uingereza, na benki yangu inaijua anwani ya Mbezi tu. Suluhisho ni duka la mtaani. Unasema jina la mtandao na kiasi, unalipa, mwenye duka anakuchapia risiti ndefu yenye tarakimu za vocha. Hakuna kukwangua. Mzee wa duka la karibu na kwetu alinielekeza kwa ukarimu mkubwa, na katika maelezo yake yote nilielewa neno moja, "kumi". Lafudhi ya Glasgow ni somo la peke yake, halimo kwenye ule mtihani wa Kiingereza wa IELTS.

Sasa vifurushi. Mtanzania anakuja na silaha moja ambayo wengine hawana: hatutumii salio tupu. Tumezoea kujiunga kwanza, na huku sheria ni ile ile. Ukiacha salio bila kifurushi na data imewashwa, simu itajisasisha programu usiku na asubuhi paundi zako zimekwenda. Tofauti ni kwamba huku bando la siku au la wiki ni adimu, mambo yote ni ya mwezi. Kifurushi cha paundi 10 kilinipa dakika na SMS za Uingereza bila kikomo na data ambayo sikuimaliza hata mwezi mmoja. Paundi 10 ni zaidi ya shilingi 30,000, na wiki za mwanzo nilikuwa nazidisha kila kitu kwa elfu tatu hadi nikashindwa kununua mkate. Ugonjwa huo unapona wenyewe.

Sababu ya kutomaliza data ni kwamba chuo kizima kina Wi-Fi ya eduroam, mtandao wa bure wa wanafunzi, nyumbani kuna Wi-Fi, maktaba za mji zina Wi-Fi. Data ya simu niliitumia njiani na kwenye basi. Rafiki zangu waliokuja na hesabu za Bongo, za kugawia simu za familia nzima hotspoti, walinunua bila kikomo kwa paundi 20 na zaidi, na mwisho wa mwezi wanakuta wametumia kiasi kile kile nilichotumia mimi. Anza na kidogo. Kupanda kifurushi ni kubofya mara moja.

Kuna kitu kidogo cha kuangalia kwenye maandishi ya chini: kifurushi kinaisha baada ya siku 28, siku 30, au tarehe ile ile ya kila mwezi? Ukilipa kila siku 28, kwa mwaka unalipa mara 13. Wanaoweka 28 wanajua kwa nini wameweka 28.

Kuhusu majina ya mitandao, usibabaike na wingi wake. Minara ni ya wachache: EE, O2, Vodafone na Three, na hawa wawili wa mwisho wameungana kuwa kampuni moja tangu 2025. Majina mengine yote utakayoyasikia yamepanga kwenye minara hiyo. giffgaff na Tesco Mobile wako kwa O2, Lebara na VOXI wako Vodafone, SMARTY na iD Mobile wako Three, Lyca wako EE. Wapangaji ndio wenye bei za wanafunzi, kwa sababu hawana maduka makubwa ya kulipia kodi. Kwa hiyo chagua mnara kwanza, jina baadaye. Na mnara unauchagua kwa nyumba unayoishi. Sisi tulikuwa kwenye zile nyumba za zamani za mawe za Glasgow, kuta zake nene kama za ngome, na mtandao uliokuwa unapiga vizuri barabarani ulikuwa unafia mlangoni. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huku, wana ramani mtandaoni ambapo unaingiza msimbo wa posta na inakuonyesha kila mtandao unashikaje nje na ndani. Angalia safu ya "ndani". Ama uliza jirani wa ghorofa yako, ndiyo ramani bora zaidi.

Hapa ndipo nifike kwenye kisa kilichonigharimu zaidi, na sijakikuta kimeelezwa kwa Kiswahili popote.

Simu yangu niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mpya kwenye boksi, laini mbili, kamera nzuri. Nilipoweka laini ya Uingereza, intaneti ikapaa. WhatsApp, ramani, video, vyote safi, alama ya 4G imesimama pale juu. Lakini simu ya kawaida ilikuwa haitoki. Napiga, skrini inafikiri sekunde kadhaa, inakata. Wanaonipigia wanaambiwa sipatikani. Mwanzoni sikugundua, kwa sababu nani anapiga simu ya kawaida siku hizi? Waingereza wanapiga. Zahanati niliyojiandikisha walinipigia kunipangia miadi. Meneja wa mgahawa mmoja, nilikoomba kazi ya saa chache kwa wiki, alinipigia, akanikosa, akampa mwingine. Niliijua hiyo baadaye kwa barua pepe ya kunishukuru kwa kuomba.

Huduma kwa wateja waliniambia nizime simu na kuiwasha. Nikazima, nikawasha. Wakaniambia niingize laini upya. Nikaingiza upya. Aliyenisaidia ni Mkenya tuliyekuwa tunaishi naye, anasoma uhandisi. Aliichukua simu, akapiga namba yake mwenyewe huku macho yako kwenye ile alama ya 4G.

"Hii simu yako iko poa kabisa," akasema. "Shida ni kupiga. Hawa watu walizima 3G, na simu yako haijui kupiga kwa 4G yao."

Maelezo yake ni haya. Simu nyingi, ukipiga, zinashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G kwa ajili ya sauti, kisha zinarudi. Tanzania hushtuki, kwa sababu minara ya zamani ipo. Uingereza, EE, Vodafone na Three walizima 3G ndani ya 2024, na O2 wakafuata kuanza kuzima 2025. Sasa sauti inapita kwenye 4G yenyewe kwa kitu kinachoitwa VoLTE, na VoLTE inataka simu iwe imeandaliwa kwa mtandao huo. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Afrika mara nyingi hazijaandaliwa kwa mitandao ya huku, hata kama ni mpya na ina 4G. Kama mtandao bado una 2G, simu itashuka huko na utaongea, sauti mbaya lakini utaongea. Kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa imepanga kwenye minara isiyo na 2G kabisa. Simu yangu ilikuwa haina pa kushukia.

Nilihamia mtandao wenye 2G na kupiga kukaanza siku hiyo hiyo. Tatizo likabaki kwamba kila nikipiga, intaneti inakatika, na ndani ya zile kuta za mawe sauti inakuja nusu nusu. Mwezi wangu wa pili huku nilinunua simu iliyotumika kwa paundi 110, iliyouzwa awali huku huku, na mambo yakaisha. Hii mpya inapiga pia kupitia Wi-Fi, kwa hiyo nyumba ya mawe haina neno tena. Ile ya Kariakoo niliibakisha kwa ajili ya laini ya Tanzania, inakaa kwenye droo inangoja ujumbe wa benki.

Basi kama unafikiria kununua simu mpya Dar kwa ajili ya safari, weka hiyo pesa. Njoo na uliyonayo, ijaribu, kisha ununue iliyotumika huku. Namna ya kujaribu ni rahisi: piga simu ya kawaida kwa mtu, angalia alama. Ikibaki 4G unapoongea, una VoLTE. Ikishuka kuwa G au E, uko kwenye 2G. Isipotoka kabisa, umeshajua. Fanya hivyo siku ya kwanza, usingoje meneja wa mgahawa akufanyie jaribio. Na usihofu sana habari ya simu kufungwa kwenye mtandao mmoja: tangu Desemba 2021 kampuni za Uingereza haziruhusiwi kuuza simu zilizofungwa, ingawa kwenye simu kuukuu za kabla ya hapo uliza.

Mikataba sasa. Novemba inakuja na Black Friday, msimu wa punguzo la bei, na maduka ya simu yanabandika picha ya simu mpya kabisa na chini yake neno "bure". Mwenzetu mmoja kutoka Zambia alikuwa ameshapata akaunti ya benki na kazi ya wikendi, akaingia kutazama. Siku za mwanzo wangemkataa, maana mgeni hana historia ya mikopo huku na kampuni nyingi zinaikagua kabla ya kukupa mkataba. Novemba alipita. Akatoka na simu inayong'aa na mkataba wa miezi 24 kwa paundi 45 kila mwezi.

Kozi yake ilikuwa ya miezi 12, na alikuwa ameshakula miwili.

Tulikaa jikoni tukafanya hesabu nyuma ya bahasha. Paundi 45 mara 24 ni 1,080, na hiyo ni kabla ya nyongeza ya kila mwaka. Tangu 17 Januari 2025 Ofcom wanawalazimisha waandike nyongeza hiyo kwa paundi na senti kwenye mkataba mpya, badala ya kukufunga kwenye mfumuko wa bei ambao hakuna anayeujua. Kwa hiyo ilikuwa imeandikwa, wazi kabisa, ukurasa wa pili. Simu yenyewe ukiinunua taslimu ilikuwa na bei ya chini sana ya hapo. Akaenda kuirudisha kesho yake, akielewa kwamba sheria inampa siku 14. Siku 14 za kisheria ni za aliyenunua mtandaoni au kwa simu. Aliyeingia dukani kwa miguu yake mwenyewe anategemea huruma ya duka, na duka lile halikuwa nayo. Kuvunja mkataba ni kulipa miezi iliyobaki. Kuacha kulipa ni kuchafua historia ya mikopo, na mawakala wa nyumba huwa wanaiangalia kabla ya kukupangisha. Mwisho alipiga simu mara nyingi, kwa upole wa Kizambia, hadi wakamshushia kifurushi hadi cha chini kabisa. Sehemu ya simu bado anailipa.

Simlaumu. Yule muuzaji alikuwa mzuri, alimkalisha, akamletea maji, akamuuliza habari za Lusaka. Ughaibuni wiki nyingine mtu pekee aliyekuuliza habari za kwenu ni muuzaji wa simu.

Ukiulizwa dukani, sentensi ni moja: nataka laini tupu, mwezi kwa mwezi, bila simu. Vifurushi vingi vya siku 30 vya kulipia kabla havikaguliwi historia ya mikopo, na siku ukichoka unatoka.

Kutoka kwenyewe wameurahisisha sana, na hili nawasifu. Tuma neno PAC kwenda 65075, bure. Ndani ya dakika moja wanakurudishia msimbo. Unaupeleka kwa kampuni mpya, na namba yako inahamia siku ya kazi inayofuata, laini ya zamani inajifunga yenyewe. Msimbo unadumu siku 30. Huongei na mtu yeyote, hakuna wa kukubembeleza. Ukitaka kuondoka bila namba, neno ni STAC kwenda 75075. Mimi nimehama namna hiyo na namba ni ile ile.

Kwa nini nang'ang'ania namba? Kwa sababu ndani ya mwezi mmoja utakuwa umeiandika kila mahali: benki, zahanati, mwenye nyumba, mwajiri, na akaunti ya viza. Viza ya Uingereza siku hizi ni ya kidijitali, ile kadi ya zamani ya ukaazi iliisha 2024, na ukiingia kwenye akaunti yako wanatuma msimbo kwenye simu au barua pepe. Wanaobadilisha laini kila wakiona ofa, kama tulivyozoea nyumbani kuwa na laini tatu, wanajifungia nje ya mambo yao wenyewe. Huku uwe na namba moja, uhame nayo.

Namba mpya inaweza kuja na madeni ya mwenyewe wa zamani. Mimi kwa wiki kadhaa nilitafutwa na wakusanya madeni wakimuulizia mwanamke nisiyemjua. Waambie mara moja kwamba namba imebadilika mwenyewe, usiwape jina lako wala tarehe ya kuzaliwa, wanaacha. Wabaya ni wale wengine: anayepiga na kusema ametoka uhamiaji, viza yako ina kasoro, lipa faini sasa hivi au polisi wanakuja. Wanawalenga wanafunzi wa kigeni, na wanajua kutisha. Uhamiaji hawadai pesa kwa simu. Kata.

Limebaki la kupiga nyumbani. Mama yangu yuko Tukuyu na anatumia kitochi. WhatsApp kwake ni kitu cha wajukuu. Vifurushi vingi vya "dakika za kimataifa" vina orodha ya nchi arobaini hivi, utakuta India, utakuta Marekani, ukitafuta Tanzania haimo. Soma orodha kabla ya kununua kwa sababu ya neno "kimataifa". Nje ya kifurushi, dakika moja kwenda Tanzania kwenye laini ya kawaida inaweza kupita paundi moja. Kuna programu zinazouza dakika za kupiga namba za kawaida kwa nafuu zaidi, nilizitumia mwanzoni, mama akawa analalamika: "Mwanangu, unaongea kama uko ndani ya pipa."

Tulichotulia nacho ni hiki. Mama anabip. Bip kutoka Tukuyu hadi Glasgow inafika vizuri kabisa na haimgharimu kitu. Nikiiona, nampigia mdogo wangu kwa WhatsApp, naye anampelekea mama simu. Mwanzo wa mwezi namtumia mdogo wangu shilingi elfu kumi ya bando kwa kazi hiyo. Anaimaliza TikTok ndani ya siku nne, lakini nimeshaingiza hasara hiyo kwenye bajeti.

Unapokaribia kuondoka, usiifunge laini ya Uingereza kwa haraka. Zima kujiunga kiotomatiki, iache kwenye salio tupu, ondoka nayo. Baadhi ya kampuni wanataka tu uitumie mara moja ndani ya miezi 6. Kabla ya kupanda ndege, badilisha namba benki na kwenye akaunti ya viza, na hakikisha barua pepe iliyoko huko si ya chuo, kwa sababu ya chuo nayo ina siku zake. Mkenya wetu, yule yule aliyeniponya simu, aliifunga laini yake siku moja kabla ya safari kwa sababu hakutaka kukatwa hata senti. Wiki chache baadaye dhamana ya nyumba ikarudishwa kwenye akaunti yake ya huku, paundi mia kadhaa, na benki ikatuma msimbo wa kuthibitisha kwenye namba ile. Akawaandikia. Wakamjibu kwa adabu kwamba afike tawini na kitambulisho. Tawi liko Glasgow, yeye yuko Eldoret.